Jumuiya zetu Australia na wenye nchi: jinsi ya kuandaa mafunzo ya utamaduni wa Waaborijini

Jumuiya nyingi za Waafrika Mashariki hapa Australia zimejipanga vizuri. Zina katiba, zina mweka hazina, zina kamati ya misiba inayochangisha pesa za kusafirisha mwili kabla hata ndugu hawajamaliza kulia. Viongozi wanamjua diwani, wanamjua ofisa wa kaunsili anayeshughulikia ruzuku, na kila Desemba ukumbi unakodiwa kwa sherehe za Jamhuri na za Uhuru. Lakini uliza kikao kizima swali moja: ukumbi huu umejengwa kwenye ardhi ya watu gani? Watu wanatazamana. Hatimaye mmoja anasema, "Si ya serikali?"

Nimesikia viongozi wetu wakisema mafunzo ya utamaduni wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ni ya Wazungu, kwa sababu wao ndio walioichukua ardhi, na sisi tumekuja juzi, hatukumdhulumu mtu. Sikubaliani nao hata kidogo. Nyumba tunazopanga, kazi tunazofanya hospitalini na kwenye nyumba za kulelea wazee, viwanja ambavyo watoto wetu wanachezea mpira, vyote viko kwenye nchi ambayo wenyewe hawakuiuza wala kuitoa. Viza tulipewa na serikali. Wenye nchi bado hatujawapigia hodi.

Mwongozo huu ni kwa kamati za jumuiya, vikundi vya akina mama, misikiti na makanisa yetu, kuanzia Perth hadi Brisbane. Nitasema mafunzo yenyewe ni yapi, mnampata wapi mwalimu anayestahili, mnawaandaaje watu wenu, na mkitoka hapo mnafanya nini.

Mafunzo ni ya aina gani

Wengi wetu tumeshapita kwenye aina ya kwanza bila kuifikiria sana: somo la mtandaoni ambalo mwajiri anakutaka ulimalize kabla ya kuanza kazi. Unasoma kurasa, unatazama video, unajibu maswali, unapewa cheti. Lina faida yake, na mtu asilidharau. Kwa jumuiya, hata hivyo, halitoshi. Wazee wetu hawatakaa mbele ya kompyuta kubofya majibu ya Kiingereza, na hakuna urafiki unaozaliwa kwenye skrini ya namna hiyo.

Aina ya pili ni darasa la saa chache. Mwalimu Muaborijini anakuja ukumbini kwenu, anaeleza historia, anajibu maswali. Hapa ni mahali pazuri pa kuanzia kwa jumuiya yenye pesa kidogo.

Aina ya tatu ndiyo ninayoitetea kwa moyo wote: mafunzo ya kukaa na wenyeji kwenye nchi yao wenyewe, kwa siku nzima au zaidi. Mnatembea na mzee wa pale kando ya mto au msituni, anawaonyesha mti ulioambuliwa gome kutengenezea mtumbwi, anawaambia mmea upi ni dawa, mnakaa chini kusuka au kula pamoja, na katikati ya hayo yote ndipo historia inaposimuliwa. Melbourne, taasisi ya Koorie Heritage Trust pale Federation Square inaongoza matembezi kando ya mto ambao wenyewe wanauita Birrarung na ramani zinauita Yarra. Mkiweza kukodi basi kwenda mbali, magharibi mwa Victoria kuna Budj Bim, ambako Wagunditjmara walijenga mifereji na mitego ya mawe ya kufugia mikunga maelfu ya miaka iliyopita. Sehemu yake moja imepimwa kuwa na umri wa miaka 6,600, na mwaka 2019 mahali hapo paliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mtu aliyefundishwa kwamba Waaborijini walikuwa watu wa kutangatanga tu, bila kujenga chochote, akisimama pale hatahitaji hotuba.

Mko kwenye nchi ya nani

Kabla ya kumpigia mtu simu, jueni jina la wenyeji wa mahali mlipo. Kabla ya 1788 zilikuwepo lugha zaidi ya 250 katika bara hili. Kusema "Waaborijini" bila zaidi ni kama kusema "Waafrika" ukimzungumzia Mdigo.

Katikati ya Sydney ni nchi ya Wagadigal wa taifa la Eora. Ukielekea magharibi, Parramatta na Blacktown, ambako wengi wetu tunaishi, uko kwa Wadharug. Melbourne ni ya Wawurundjeri Woi Wurrung na Wabunurong wa taifa la Kulin. Perth ni ya Wanoongar wa Whadjuk, Adelaide ya Wakaurna, Darwin ya Walarrakia, Alice Springs ya Waarrernte. Brisbane mtasikia majina mawili, Turrbal na Jagera, na Canberra mtasikia Ngunnawal na Ngambri. Panapotajwa zaidi ya jina moja, si kazi yetu wageni kuamua nani ana haki zaidi. Tajeni wote, au fuateni utaratibu wa kaunsili ya pale.

Ramani ya lugha inayotolewa na AIATSIS, taasisi ya taifa ya masomo ya Waaborijini na watu wa Torres Strait, inasaidia kupata picha ya jumla, ingawa haikuchorwa kuonyesha mipaka kamili. Victoria ina vyombo vilivyosajiliwa chini ya sheria ya urithi ya mwaka 2006 kuwasemea wenye nchi wa sehemu kubwa ya jimbo. New South Wales ina mabaraza ya ardhi ya Waaborijini, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, na karibu kila wilaya ina lake. Kwingineko, ofisa wa kaunsili anayeshughulikia mambo ya Waaborijini ndiye wa kuanza naye.

Kumbukeni pia kwamba watu wa visiwa vya Torres Strait, kaskazini kabisa, ni watu wengine wenye mila na bendera yao. Wasimezwe ndani ya jina la Waaborijini.

Historia ambayo watu wenu waijue kabla ya siku

Msimpelekee mzee wa watu kikundi kisichojua chochote, halafu mumtake aanze na alifu. Fanyeni kikao kimoja cha maandalizi, kwa Kiswahili, wiki moja au mbili kabla. Nadhani haya yatatosha.

Tarehe 26 Januari 1788 Waingereza walipandisha bendera yao Sydney. Hawakufanya mkataba na mtu. Baadaye sheria yao ikashikilia kwamba ardhi ilikuwa haina mwenyewe. Uongo huo ulidumu hadi tarehe 3 Juni 1992, pale Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Eddie Koiki Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, kule Torres Strait. Mabo mwenyewe hakuusikia ushindi. Alifariki Januari mwaka uleule. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kutambua hatimiliki ya asili, yaani haki ya wenyeji juu ya ardhi ya mababu zao.

Katikati ya tarehe hizo mbili kuna vita, magonjwa, watu kuhamishiwa kwa nguvu kwenye misheni na hifadhi, na watu kufanya kazi mashambani kwa ujira ambao mara nyingi hawakuuona. Na kuna jambo ambalo kila Muaborijini mtakayekutana naye anaweza kuwa analibeba nyumbani kwake: watoto walionyang'anywa wazazi wao na serikali na misheni ili walelewe kizungu. Ripoti ya taifa ya mwaka 1997 ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970, walau mtoto mmoja katika kila kumi, na pengine mmoja katika kila watatu, alitenganishwa kwa nguvu na familia yake. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Watu waliochukuliwa bado wapo hai. Huenda mmoja wao ndiye atakayewafundisha.

Waambieni watu wenu pia kuhusu kura ya maoni ya 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walikubali katiba ibadilishwe ili Waaborijini wahesabiwe kwenye sensa na serikali ya shirikisho iweze kutunga sheria kwa ajili yao. Na ile ya tarehe 14 Oktoba 2023, iliyopendekeza chombo cha kuwasemea mbele ya bunge, ambapo takriban asilimia 60 walisema hapana na majimbo yote sita yakaikataa. Wengi wetu wenye uraia tulipiga kura siku ile. Mkikutana na mzee aliyeumizwa na matokeo yale, msimuulize kwa nini "walishindwa".

Kwenye sensa ya 2021 waliojitambulisha kuwa Waaborijini au watu wa Torres Strait walikuwa 812,728, yaani asilimia 3.2 ya watu wote. Ni wachache nchini mwao wenyewe. Hilo peke yake ni jambo la kulitafakari kwa mtu anayetoka nchi ambayo wenyeji ndio wengi.

Kwa wale wa Melbourne magharibi, nina mtu mmoja wa kuwasimulia watoto. William Cooper alikuwa Myorta Yorta, akiishi Footscray uzeeni, katibu wa chama cha kutetea haki za Waaborijini. Yeye na wenzake ndio walioifanya tarehe 26 Januari 1938 kuwa siku ya maombolezo, wakati nchi ikisherehekea miaka 150. Na tarehe 6 Desemba mwaka huohuo, wiki chache baada ya Wanazi kuchoma masinagogi Ujerumani, mzee huyu ambaye watu wake hawakuwa na haki kamili nchini mwao aliongoza ujumbe kwenda ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne kulaani mateso ya Wayahudi. Barua yao ilikataliwa mlangoni. Daraja la watembea kwa miguu la stesheni ya Footscray, ambalo wengi wetu tunalipita tukienda sokoni kununua mihogo na ndizi, lina jina lake.

Na kuna hili la pwani yetu, ambalo nalipenda kupita kiasi. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Arnhem Land, nchi ya Wayolngu. Tano kati ya hizo zilikuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Hakuna anayejua zilifikaje huko. Zisimulieni kama ajabu ya bahari ile, lakini msizigeuze kuwa madai kwamba Waswahili "waliigundua" Australia. Ilikuwa na wenyewe kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Kumpata mwalimu, na habari ya pesa

Ulizeni mambo mawili. Kwanza, je, kampuni au kikundi hiki ni cha Waaborijini wenyewe? Daftari la Supply Nation linaorodhesha biashara ambazo walau nusu ya umiliki wake iko mikononi mwa Waaborijini au watu wa Torres Strait, ingawa wapo walimu wazuri wadogo ambao hawamo. Pili, je, mwalimu huyu ni wa nchi hii tuliyopo, na kama si wa hapa, ana ridhaa ya wenyeji kufundisha hapa? Muaborijini mwaminifu hatakasirika kuulizwa hivyo kwa adabu. Wengi watalitaja wenyewe kabla hamjauliza, maana kwao mtu hasemei nchi isiyo yake.

Muwe wazi tangu barua ya kwanza: ninyi ni nani, mnatoka nchi zipi, mtakuwa wangapi, wangapi hawajui Kiingereza vizuri, kuna watoto au hakuna, na mna bajeti gani. Kisha mwacheni mwalimu aseme bei yake, na akiisema msipunguze. Najua kwetu bei haijawa bei mpaka ipigiwe kelele kidogo. Hapa iache. Mnalipia elimu ya maisha ya mtu na ya wazazi wake, na watu hawa wameombwa kufundisha bure kwa miaka mingi mno. Lipeni kwa wakati, na kama mzee anakuja ukumbini kwenu, pangeni pia nauli yake, kiti kizuri, kivuli, maji, na mtu wa kumpokea kwenye maegesho.

Jumuiya moja ikiona gharama ni kubwa, ungeni nguvu: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda wa mji mmoja wanaweza kujaza basi na kugawana ada. Kaunsili nyingi zina ruzuku ndogo za vikundi, na maombi yanayoonyesha jumuiya ya wahamiaji ikitaka kujifunza kwa wenye nchi yana uzito. Andikeni kwenye bajeti ada ya mwalimu kwanza, chakula baadaye. Nimeona bajeti ambazo pilau ilipewa zaidi ya mzee, na hilo halifai.

Tarehe nazo zina siri yake. Wiki ya Maridhiano kati ya wenye nchi na Waaustralia wengine ni tarehe 27 Mei hadi 3 Juni, na wiki ya NAIDOC, ya kusherehekea utamaduni wa Waaborijini na watu wa Torres Strait, huanza Jumapili ya kwanza ya Julai. Kipindi hicho kila shirika Australia linawatafuta walimu haohao. Chagueni mwezi mwingine. Na ikitokea msiba kwa wenyeji, mafunzo yataahirishwa, pengine siku mbili kabla. Sisi tunaosafiri mikoa mitatu kwenda kuzika tunalielewa hili bila kufundishwa. Tumeni rambirambi, ngojeni, na msidai pesa irudishwe.

Moshi, dini na majeraha

Hapa ndipo kamati nyingi zinapokwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mafunzo mengi huanza na moshi. Mwenyeji anawasha majani mabichi ya miti ya pale, mara nyingi mikalitusi, na wageni wanapita karibu na moshi huo kama kukaribishwa na kusafishwa. Baadhi ya ndugu zetu wa makanisa ya uamsho wakiona hivyo wanafikiria matambiko na mizimu, na baadhi ya Waislamu wanauliza kama ni shirki. Msiyafiche maswali haya wala msiwacheke wanaouliza. Mwiteni mchungaji na sheikh kwenye kikao cha maandalizi, na mwombeni mwalimu awaeleze mapema moshi una maana gani kwao. Wapo Waaborijini wengi ambao ni Wakristo, na wapo Waislamu pia, na hawaoni mgongano. Ambaye bado dhamiri yake inamkataza anaweza kusimama pembeni kwa heshima, bila kununa na bila kutoa mahubiri. Mwenyeji akijulishwa kabla, hakuna atakayeaibika. Wenye pumu nao wajulikane mapema.

Jambo la pili ni zito zaidi. Miongoni mwetu wapo waliokimbia Kivu, waliopoteza watoto njiani, waliokulia kambi za Kigoma au Kakuma. Simulizi ya mama aliyemficha mtoto wake porini ili askari asimchukue inaweza kumrudisha mtu mahali alipokuwa ameshatoka. Watangazieni watu mapema kwamba mada hiyo itakuja, mpangeni mtu mmoja mwenye busara wa kutoka nje na atakayetaka kutoka, na mwambieni mwalimu. Kwa kawaida atajua la kufanya kuliko sisi, kwa maana watu wake wanaishi na huzuni hiyo kila siku.

Tafsiri isiachwe kwa kijana yeyote aliye karibu. Mtafuteni mtu anayeeleweka na wa Bukavu, wa Mombasa na wa Mwanza kwa pamoja, mpeni majina ya watu na mahali siku chache kabla, na mwombeni mwalimu apumzike baada ya kila sentensi mbili tatu. Hapo hata bibi asiye na neno la Kiingereza atakuwa mwanafunzi kamili.

Siku yenyewe

Fikeni kabla ya wakati. Saa ya Kiswahili ya harusini isifike huku.

Mzee ataitwa Anti au Anko fulani, hata na watu wasio ndugu zake. Kwetu ni kawaida, lakini ngojeni mtambulishwe kwa jina hilo au mulizeni anapenda kuitwaje. Kwa baadhi ya jamii kumkazia mzee macho si adabu, na kimya kati ya sentensi ni sehemu ya mazungumzo. Msikijaze. Mwalimu Miriam-Rose Ungunmerr-Baumann wa Daly River ameieleza dunia habari ya kusikiliza kwa utulivu namna hiyo, ambako kwa lugha yao kunaitwa dadirri.

Kuna maswali ya kuacha nyumbani. Usimuulize mtu ana asilimia ngapi ya damu ya Kiaborijini. Usimwambie kwamba hafanani na Muaborijini kwa kuwa ngozi yake ni nyeupe. Watoto walionyang'anywa walichaguliwa mara nyingi kwa sababu hiyohiyo ya rangi, na swali lako linagusa kidonda. Usiulize habari za pombe wala pesa za serikali. Hayo ni maneno tuliyoyaokota kazini na kwenye treni kutoka kwa watu ambao nao hawajawahi kukaa na Muaborijini hata siku moja.

Picha na kurekodi: ombeni ruhusa kwanza, na ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kuirusha kwenye kundi. Katika jamii nyingi jina na picha ya marehemu havitajwi wala kuonyeshwa ovyo, kwa hiyo mkitumia picha za zamani kwenye maandalizi yenu, toeni tahadhari kabla. Kuna mambo ya wanaume na mambo ya wanawake. Mkiambiwa hili si la kusimuliwa hapa, pokeeni hivyo. Sisi tuliopita jandoni na unyagoni hatuna sababu ya kushangaa.

Halafu kuna sentensi tunayoipenda sana: "Sisi pia ni weusi, tunawaelewa." Inatoka moyoni, na wenyeji wengi wataipokea kwa upendo. Ila isiwe ya kwanza kusemwa. Tumetawaliwa, ndiyo, lakini Waingereza waliondoka Dar es Salaam na Nairobi, na lugha zetu tunazo. Hapa hawakuondoka. Anayesikiliza kwanza ataona mwenyewe wapi tunafanana na wapi hatufanani kabisa.

Kama mnapenda kupeleka chakula, ulizeni, kisha pelekeni chapati na mchuzi wa kutosha. Kula pamoja baada ya masimulizi mazito hufanya kazi ambayo hotuba ya shukrani haiwezi.

Mkisharudi

Mafunzo yasipofuatwa na kitu yanabaki kuwa picha za safari. Anzeni na jambo dogo linalofanyika kila mkutano, yaani kuwatambua wenye nchi kabla ya ajenda. Hili linaruhusiwa kwa mtu yeyote, na linaweza kufanywa kwa Kiswahili. Kwa jumuiya iliyo upande wa Wawurundjeri, inaweza kuwa hivi:

"Kabla hatujaanza, tunawatambua Wawurundjeri Woi Wurrung wa taifa la Kulin, wenye nchi hii tuliyokutania. Tunawaheshimu wazee wao waliotangulia na waliopo. Tunawasalimu Waaborijini na watu wa Torres Strait walio nasi leo. Nchi hii hawakuiuza wala hawakuitoa, nasi ni wageni wao."

Lisitamkwe kama tangazo la kuzima simu. Aliyepewa kazi hiyo ajifunze kutamka majina sawasawa.

Kile kinachoitwa Welcome to Country ni kitu kingine. Hayo ni makaribisho, na anayekaribisha ni mwenyeji wa nchi hiyohiyo au aliyeruhusiwa na wenyeji. Mwenyekiti wetu hawezi kuyatoa, hata awe na kanzu na joho. Kwa sherehe kubwa ya mwaka, mwalikeni mzee, mlipeni ada yake, mpeni nafasi ya kwanza kwenye ratiba na si baada ya hotuba ya balozi, na mkaribisheni abaki kula kama mgeni wa heshima.

Tarehe 26 Januari kamati iwe na msimamo unaojulikana. Kwa familia nyingi za Waaborijini ni siku ya maombolezo, na ndiyo siku ambayo wengi wetu tumealikwa kuapa uraia. Tangu mwisho wa 2022 kaunsili zinaruhusiwa kufanya sherehe hizo siku tatu kabla au baada yake, kwa hiyo ulizeni kama yenu ina tarehe nyingine. Anayeapa siku yenyewe asilaumiwe. Ameingoja karatasi hiyo miaka mingi. Lakini jumuiya kama jumuiya haina haja ya kupanga nyama choma ya shangwe siku hiyo.

Muhimu kuliko yote, tafuteni chombo kimoja cha Waaborijini cha mahali penu mkae nacho kwa miaka. Watu hawa wametutangulia katika kazi ileile tunayohangaika nayo. Redfern walianzisha huduma yao ya afya mwaka 1971, Fitzroy wakafuata 1973, kwa kuwa hospitali za wengine hazikuwahudumia kama watu. Leo huduma za namna hiyo ziko nchi nzima, zikiongozwa na bodi zao wenyewe. Jumuiya yetu inayojiuliza namna ya kuwafikia akina mama wasioenda kliniki ingejifunza zaidi pale kuliko kwenye semina yoyote ya wahamiaji. Shepparton, ambako familia za Wakongo zilianza kupelekwa mwaka 2005, ni nchi ya Wayorta Yorta, nao wana ushirika wao wa Rumbalara wenye huduma za afya, na klabu ya mpira na netiboli yenye jina hilohilo. Mtoto wa Kikongo na mtoto wa Kiyorta Yorta wanaweza kukutana uwanjani kabla wazazi hawajakutana kwenye warsha.

Mkinunua zawadi za wageni, nunueni kwa wasanii Waaborijini wenyewe na si mapambo ya kiwandani yanayouzwa uwanja wa ndege. Mkitafuta mpishi, mchapaji au mpiga picha, waulizeni wao pia. Na mkialikwa kwenye sherehe zao za Julai, nendeni hata kama hamkupewa jukwaa.

Kwa kamati inayotaka kuanza mwaka huu: mteueni mtu mmoja wa kulibeba jambo hili, mwandikieni mwalimu Februari, ombeni ruzuku dirisha linapofunguliwa, fanyeni kikao cha maandalizi mwishoni mwa Julai, na siku yenyewe iwe Agosti au Septemba. Mwaka ujao tumeni kikundi kingine, vijana kwanza, na waliokwenda mara ya kwanza ndio waongoze kikao chao cha maandalizi.